Kukatwa kodi zaidi kisha kudai marejesho, au kukatwa kidogo kisha kulipa mwenyewe: ninyi mnaonaje?

Mwalimu wa Tabata anauliza:

Ndugu zangu, salaam. Ninaomba maoni ya watu waliozoea kukatwa kodi kwenye mishahara yao, hasa wale wenye ajira zaidi ya moja, kwa sababu kuna jambo limenikaa rohoni tangu mwaka jana na kila ninayemweleza ananiambia niachane nalo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari katika shule ya binafsi hapa Dar es Salaam. Mshahara wangu ni shilingi 720,000. Ikitolewa 72,000 ya mchango wangu wa hifadhi ya jamii, NSSF, inabaki 648,000, na hiyo ndiyo inayotozwa kodi, kwa hiyo kila mwezi nakatwa PAYE, yaani kodi ya mshahara, ya shilingi 45,600. Kwa miaka sita sijawahi kuilalamikia fedha hiyo. Sijawahi kuishika, sijawahi kuipangia matumizi, na kila nikipokea hati ya mshahara macho yangu huenda moja kwa moja kwenye mstari wa mwisho, pale palipoandikwa kiasi kinachoingia benki. Ni kama vile fedha hiyo haikuwa yangu tangu mwanzo.

Mwaka jana, kuanzia Machi hadi Oktoba, nilipata kazi ya kufundisha hisabati jioni katika chuo kimoja cha ufundi kwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Huko nilikatwa asilimia 30 kuanzia shilingi ya kwanza, yaani 90,000 kila mwezi, nikabaki na 210,000. Mara ya kwanza nilidhani mhasibu amekosea. Aliniambia kwa upole kwamba ndivyo sheria inavyotaka kwa ajira ya pili, na kwamba akinikata pungufu atadaiwa yeye.

Nataka niseme ukweli jinsi nilivyojisikia. Nilikuwa namaliza kipindi saa mbili na nusu usiku, nasubiri daladala kituoni Ubungo huku vumbi la chaki bado limo kwenye mikunjo ya vidole, nafika Tabata watoto wameshalala. Ile 45,600 ya mshahara wa mchana hainiumi hata kidogo, lakini hii 90,000 ya jioni iliniuma kila mwezi kwa miezi minane, kwa sababu nilijua kila shilingi yake nimeitolea jasho gani. Mume wangu alinishauri niihesabu kuwa sadaka. Mimi sikubaliani naye. Sadaka ninaitoa kwa hiari yangu, na kodi ninaitoa kwa sababu ni wajibu wangu kwa nchi. Nikilipa zaidi ya wajibu huo, kile kilichozidi ni mali yangu bado.

Mwalimu mwenzangu ananiambia kwamba huenda nimekatwa zaidi ya ninavyostahili, na kwamba naweza kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi yangu ya mwaka, kwa Mamlaka ya Mapato (TRA) na kuomba nirejeshewe. Wengine wananiambia nisijisumbue, kwani serikali haidaiwi. Naomba mnisaidie kwa mambo mawili. Kwanza, je, ni kweli nimezidishiwa? Pili, na hili ndilo linalonisumbua zaidi, ninyi wenyewe mnapendelea ipi: kukatwa zaidi halafu mkadai, au kukatwa kidogo halafu mkamalizia wenyewe?

Mhasibu wa Kurasini anajibu:

Mwalimu, salaam, na pole kwa safari za usiku. Nimeandaa mishahara ya watu kwa zaidi ya miaka ishirini na swali lako la kwanza lina jibu la hesabu, kwa hiyo nitaanza nalo.

Kodi ya mtu binafsi huhesabiwa kwa kipato chote cha mwaka, kuanzia Januari hadi Desemba, ingawa sisi wahasibu tunaikata kwa mwezi. Kwa mwezi, shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi kitu. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8. Hadi 760,000 ni asilimia 20. Hadi 1,000,000 ni asilimia 25. Na zaidi ya milioni moja ni asilimia 30. Ukizidisha kila kiwango kwa kumi na mbili unapata jedwali la mwaka.

Wewe kwa mwaka mzima shuleni ulikuwa na kipato cha kutozwa kodi cha 7,776,000, na chuoni kwa miezi minane 2,400,000. Jumla ni 10,176,000. Shilingi 3,240,000 za kwanza hazitozwi. Milioni tatu zinazofuata ni asilimia 8, yaani 240,000. Shilingi 2,880,000 zinazofuata ni asilimia 20, yaani 576,000. Zinabaki 1,056,000 ambazo zinatozwa asilimia 25, yaani 264,000. Kodi yako halali ya mwaka ni 1,080,000. Ulichokatwa ni 547,200 shuleni na 720,000 chuoni, jumla 1,267,200. Umezidishiwa shilingi 187,200.

Sasa tazama ni kwa nini. Mhasibu wa chuo hajui unalipwa kiasi gani shuleni, na wala si haki yake kujua. Kile kiwango cha 270,000 kisichotozwa kodi tayari umekitumia kwenye ajira yako kuu, kwa hiyo akikupa tena utakuwa umekipata mara mbili. Sheria imechukua kiwango cha juu kabisa ili isipoteze kitu. Kwa mtu anayepata zaidi ya milioni moja kwenye ajira yake kuu, asilimia 30 ya ajira ya pili ni sahihi kabisa na hana cha kudai. Anayeumia ni mtu wa kipato kama chako, ambaye ngazi yake ya mwisho ni asilimia 25 au hata 20, lakini anakatwa kana kwamba ni meneja.

Kudai unaweza. Mfanyakazi mwenye mwajiri mmoja tu halazimiki kuwasilisha ritani, lakini wewe ulikuwa nao wawili. Ritani ya mwaka uliopita inatakiwa ifike kabla ya 30 Juni, na maombi ya kurejeshewa kodi iliyozidi yanatakiwa yafanywe ndani ya miaka mitatu. Ujue pia kwamba kama una deni lingine la kodi, fedha hiyo inaweza kuelekezwa kulipia deni hilo kwanza.

Hata hivyo, kabla hujajaza chochote, hakikisha jambo moja ambalo watu wengi hawalifikirii. Mwajiri anatakiwa kuipeleka kodi aliyokukata ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha, pamoja na orodha yenye jina na namba ya mlipakodi (TIN) ya kila mfanyakazi. Hati yako ya mshahara inaonyesha kwamba ulikatwa. Haionyeshi kwamba kodi ilipelekwa kwa jina lako. Omba chuoni wakuandikie mchanganuo wa makato ya mwezi kwa mwezi, uone TIN yako imeandikwaje.

Kuhusu ninachopendelea mimi, sitaficha. Ninapendelea mtu akatwe. Nimeona watu wazima, wenye akili timamu na wenye nia njema, wakishindwa kuweka pembeni fedha ya kodi kwa sababu mtoto ameugua au paa limevuja, na hakuna anayeweza kuwalaumu.

Mkalimani wa Upanga anajibu:

Mwalimu, mimi nipo upande wa pili wa mto, na ningependa ujue kukoje huku kabla hujatamani kuvuka.

Sina mwajiri. Ninatafsiri nyaraka na kukalimani kwenye mikutano, na wateja wangu hunikata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa kila malipo. Mwaka wangu wa kwanza niliiona asilimia hiyo kuwa baraka. Rafiki yangu mwajiriwa alikuwa anakatwa fedha nyingi, mimi nakatwa vijisenti, na niliamini kwa moyo wote kwamba mambo yangu na serikali yamekwisha. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza, kwamba ile asilimia 5 ni malipo ya awali tu, na kwamba mwisho wa mwaka hesabu kamili inapigwa kwa jedwali lilelile alilolieleza Mhasibu.

Chukua mfano wako mwenyewe. Laiti chuo kingekuhesabu kuwa mtoa huduma badala ya mwajiriwa, kingekukata 15,000 kwa mwezi, yaani 120,000 kwa miezi minane. Ungefurahi. Kisha ukiwasilisha ritani, ungekuta kodi ya mwaka ni ileile 1,080,000, umelipa 667,200, na unadaiwa 412,800 kwa mkupuo, labda ipungue kidogo ukithibitisha gharama zako za kazi. Kipato ni kilekile na jioni ni zilezile. Kwa njia moja unadai 187,200, kwa njia nyingine unadaiwa zaidi ya laki nne.

Kwangu mimi ilikuwa zaidi ya hapo. Nilikuwa nimeshalipa ada ya muhula wa mtoto wangu na pango la nyumba la miezi sita. Nilikaa mezani na karatasi ile usiku mzima, mke wangu akanipikia chai mara mbili bila kuniuliza kitu. Tulikwenda kuchukua akiba yake ya VIKOBA, fedha aliyokuwa akiiweka kwa ajili ya cherehani, na tukalipa. Cherehani aliipata baada ya mwaka mmoja na nusu. Hilo sijalisahau, na ndilo linaloniongoza mpaka leo.

Siku hizi, malipo yakiingia, kabla sijamwambia mtu yeyote kwamba nimelipwa, ninahamisha robo yake kwenye akaunti nyingine ambayo haina kadi. Machi ninapeleka makadirio ya mwaka na kulipa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ninalala usingizi. Lakini ilinichukua miaka mitatu kujizoesha, na kila mwezi bado kuna siku ambayo akaunti ile inaniita.

Jambo la mwisho ni hati za kodi ya zuio. Kila anayekukata anapaswa kukupa hati, na bila hati hiyo ni vigumu kuthibitisha kwamba umeshalipa. Kuna mteja mmoja aliyenikata mara nne na kunipa hati moja. Nilimfuata hadi nikachoka, nikalipa kodi ileile mara ya pili ili nimalize. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema kwamba kukatwa ni usumbufu, ninamwelewa, lakini kukatwa na mwajiri makini ni ulinzi ambao sisi wengine tunautamani.

Mama wa Kigamboni anajibu:

Mwanangu Mwalimu, hujambo. Nimeishi Marekani miaka tisa kabla ya kurudi nyumbani, nikifanya kazi ya kuhudumia wazee huko Minneapolis, na huko jambo hili la kukatwa zaidi ili urejeshewe ni sehemu ya maisha ya watu wa kipato cha chini kabisa.

Unapoanza kazi kule unajaza fomu inayoitwa W-4. Ndiyo inayomwambia mwajiri akukate kiasi gani kulingana na hali ya familia yako. Mtu anaweza kuijaza ili akatwe kidogo kadiri inavyowezekana, au anaweza kuomba akatwe zaidi ya anavyodaiwa. Nilishangaa sana kuona wenzangu wengi wanaomba wakatwe zaidi kwa makusudi. Kisha kuanzia mwishoni mwa Januari wanawasilisha ritani, ambayo siku yake ya mwisho ni 15 Aprili, na wiki chache baadaye fedha inaingia benki. Kwa wastani marejesho ya mtu mmoja huwa karibu dola 3,000. Kwa wanawake niliofanya nao kazi, hicho ndicho kilikuwa kipindi pekee cha mwaka ambacho mtu aliweza kutengeneza gari, kulipa deni la hospitali, au kumnunulia mtoto kitanda.

Nami nilijiunga nao. Nilikuwa sina nidhamu ya kuweka akiba, na ndugu walikuwa wakipiga simu kila wiki. Fedha niliyonayo mkononi niliituma, kwa sababu utamwambiaje shangazi yako kwamba huna wakati unayo? Lakini fedha iliyoko serikalini sikuwa nayo kweli. Ilikuwa kibubu ambacho mimi mwenyewe siwezi kukivunja. Nyumba ninayoishi sasa hapa Kigamboni nilianza kuijenga kwa marejesho hayo. Kila Machi niliagiza saruji: mwaka wa kwanza msingi, mwaka wa pili kuta hadi usawa wa madirisha, na kuendelea hivyo. Fundi wangu alifika mahali akawa ananiuliza, "Mama, kodi imerudi?"

Sikuelezi haya ili nikushauri ufanye hivyo hapa. Kule nilijua fedha yangu itarudi karibu lini, na ndiyo maana kibubu kilifaa. Kibubu usichojua kitafunguliwa lini hakiwezi kukujengea ukuta. Ninachotaka kukuambia ni kwamba huna haja ya kuona aibu kwa kuona uchungu juu ya 90,000, na wala huna haja ya kuona aibu kwa kuidai. Wenzetu wanadai hadi dola tano, na hakuna anayewaita wachoyo au maadui wa serikali yao.

Kijana wa Sinza anajibu:

Shikamoo Mama. Shikamoo Mhasibu. Mwalimu, habari za kazi.

Ninawaheshimu wote waliotangulia, lakini ninatofautiana nao kwa dhati. Hakuna uzuri wowote katika kukatwa zaidi. Wastani wa kilichozidi kwa Mwalimu ni zaidi ya 23,000 kwa kila mwezi aliofundisha jioni. Kwa mtu wa Tabata hiyo ni nauli ya mwezi mzima. Ni unga, ni mafuta ya kupikia, ni gesi ya mtungi mdogo. Anatembea bila fedha hiyo mwaka mzima, halafu anajaza fomu kuiomba, halafu anasubiri, na ikirudi bei za vitu zimekwishapanda. Mama ameeleza vizuri kwamba alikuwa anajiwekea akiba. Sawa, lakini leo mtu anaweza kuweka 23,000 kila mwezi kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja kwa simu yake, fedha ikazaa, na akaitoa mtoto akiugua. Serikali haimpi faida ya namna hiyo kwa kumwachia fedha yake.

Ninasema kwa uchungu kwa sababu yamenikuta. Kampuni niliyoanzia kazi ilinilipa mshahara wa 900,000. Mhasibu wake alikuwa anakokotoa PAYE kwenye 900,000 yote, bila kutoa kwanza 90,000 ya NSSF. Kodi iliyotakiwa ni ya 810,000, yaani 80,500. Mimi nilikatwa 103,000. Tofauti ni 22,500 kila mwezi, na iliendelea miezi kumi na minne. Niligundua nilipokaa na kalamu kujaza maombi ya mkopo benki, nikajaribu kuhesabu mwenyewe kwa udadisi tu, na namba zikakataa kulingana. Nilirudia mara tatu. Nilidhani nimesahau hesabu za asilimia. Kesho yake nikamwonyesha mwenzangu wa meza ya jirani, naye akatoa hati yake, na yake ilikuwa na kosa lilelile. Sote kumi na wanane tulikuwa hivyo. Mwajiri alipoelezwa alikubali kosa, na ilichukua miezi mitano kurekebisha na kuturudishia.

Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza siku ya Mei Mosi kwamba kiwango cha chini cha PAYE kinashuka kutoka asilimia 9 hadi 8, tulishangilia ofisini. Punguzo lile kwa mtu wa kipato changu ni shilingi 2,500 kwa mwezi. Wakati huohuo tulikuwa tunapoteza mara tisa ya kiasi hicho kwa kosa la mtu mmoja, na hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyetazama.

Nina rafiki anafanya kazi Nairobi. Kule hata mwenye mwajiri mmoja analazimika kuwasilisha ritani kila mwaka kabla ya 30 Juni, na analalamika sana kuhusu usumbufu huo. Mimi ninamwonea wivu. Sheria yetu imetuhurumia sisi wa mwajiri mmoja kwa kutuondolea ritani, lakini huruma hiyo imetufanya tusijue kodi yetu inahesabiwaje. Mwalimu wa hisabati amekaa miaka sita bila kuuangalia mstari wa PAYE. Samahani, Mwalimu, sikusemi kwa ubaya. Mimi ni mhitimu wa uchumi na nilikaa miezi kumi na minne.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la pili ni kwamba sitaki zaidi na sitaki pungufu. Nataka nikatwe kodi yangu, niijue, na niweze kuihesabu mwenyewe.

Mhasibu wa Kurasini anaongeza:

Marahaba, kijana. Kosa ulilolieleza ninalifahamu, na nasikitika kusema kwamba si la kampuni moja. Mara nyingi hutokea pale mtu mmoja anapopewa kazi ya mishahara, stoo na manunuzi kwa pamoja. Yeyote anayesoma hapa achukue hati yake leo, atoe mchango wake wa mfuko wa hifadhi ya jamii kwanza, kisha apige hesabu kwenye kinachobaki. Haichukui dakika kumi.

Ila kuhusu kukatwa kodi kamili bila kuzidi wala kupungua, naomba uelewe ugumu wake kwa mtu mwenye ajira mbili. Ili mwajiri wa pili akate sawasawa, lazima ajue mshahara wa kwanza. Je, Mwalimu angependa chuo kijue shuleni analipwa kiasi gani, siku ya kupatana malipo ya muhula ujao? Wengi niliowauliza wamekataa. Wanaona ni afadhali wazidishiwe na siri yao ibaki.

Mwalimu wa Tabata anarudi:

Nawashukuru sana nyote. Shikamoo Mama, na pole Mkalimani kwa ile cherehani. Nimeisoma habari hiyo mara mbili.

Kijana wa Sinza ameniambia kweli na sijachukia. Juzi usiku nilitoa hati zangu zote za miaka sita kutoka kwenye bahasha ya kaki ninapoziweka pamoja na vyeti, nikazipanga sakafuni, nikapiga hesabu ya PAYE mwezi kwa mwezi. Shuleni hawajawahi kukosea hata shilingi moja. Nimefurahi kuliko nilivyotarajia, na asubuhi nilikwenda kumshukuru mhasibu wetu, ambaye alidhani nimekuja kulalamika.

Chuoni hali si hiyo. Nilifuata ushauri wa Mhasibu nikaomba mchanganuo. Walinipa bila shida na walikuwa waungwana. Fedha imepelekwa miezi yote minane. Lakini mwezi wa Machi na Aprili TIN yangu imeandikwa vibaya: palipotakiwa kuwa na 8 pameandikwa 3. Kwa miezi hiyo miwili, shilingi 180,000 zangu ziko kwenye namba isiyo yangu. Nikitazama vizuri, kiasi hicho kinakaribia kabisa kile ninachodai. Ningewasilisha ritani bila kuangalia, ningeonekana sidai karibu chochote, na huenda ningeamini kwamba waliosema nisijisumbue walikuwa sahihi.

Kuhusu siri ya mshahara, Mhasibu, umenifikirisha. Kweli nisingependa chuo kijue. Muhula ujao wameniita tena, na nimekubali kwa masharti yaleyale, asilimia 30 ikiwemo. Tofauti ni kwamba safari hii ninajua tangu mwanzo kwamba katika kila 90,000 kuna sehemu ambayo ni kodi yangu na sehemu ambayo nitaifuata, na nimeziandika zote mbili kwenye daftari. Bado inaniuma, lakini si kama mwanzo. Mume wangu sasa haiiti sadaka; ameniomba nimfundishe kupiga hesabu ya hati yake, na tumekubaliana tutaifanya Jumapili.

Ijumaa nimeomba ruhusa ya nusu siku. Chuo kimeahidi kurekebisha ile namba kwa upande wao, nami nitakwenda ofisi ya TRA ya mkoa wangu wa kodi na ritani yangu. Je, kuna karatasi nyingine yoyote ninayopaswa kubeba?

Mhasibu wa Kurasini anajibu:

Omba chuo wakupe barua yenye mhuri inayotaja namba isiyo sahihi, namba iliyo sahihi, miezi husika na kiasi cha kila mwezi. Beba hati halisi za mishahara ya Machi na Aprili pamoja na nakala zake, si picha kwenye simu, na utakapokabidhi nakala hizo, hakikisha na nakala utakayobaki nayo wewe inagongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe.